Betri Sita za Mkwe

Kambi Muru, Kibera
3 Mei 1998

Kwa mkwe wangu Shiundu, fundi wa betri, Kawangware.

Ora, ndivyo sisi watu wa ziwani tunavyomwita mkwe, salamu. Sisi huku ni wazima isipokuwa hasira, na hiyo hasira ndiyo nakuandikia.

Najua unashangaa mtu wa Kibera kumwandikia mtu wa Kawangware barua, kana kwamba wewe uko Ulaya. Kwa mguu ni saa moja na kitu, na mguu ninao. Lakini duka lako liko mlangoni pa nyumba yako. Nikija, mkeo atashika kuku, na mimi siwezi kula kuku wa mkwe wakati ninyi hamjaja kula wangu. Timothy wako amemchukua Filister wangu huu mwaka wa pili, na kila Krismasi mnasema mvua. Basi kuku aishi. Filister amekuja kunisalimia leo Jumapili, atabeba barua.

Sasa sikia. Unajua mimi ni mtu wa Mbita, kule ziwani. Kabla Nairobi haijanifanya seremala wa vitanda na majeneza, nilikuwa naunda mashua. Mwaka huu nikasema majeneza nimeunda ya kutosha, wacha niunde kitu ambacho mtu atapanda macho yakiwa wazi. Nimeunda mashua ya watu wanane. Nataka kuvusha kina mama wanaoenda kufua nguo za watu huko Lang'ata, waache kulizunguka lote hili bwawa lililo kati yetu na Lang'ata na mabeseni kichwani.

Adui ni wawili. Wa kwanza ni Kitheka, landilodi. Anasema mashua imeziba njia ya choo, ati wapangaji wanapita kiubavu kama kaa. Ikifika tarehe kumi na tano Juni na bado iko kwa ploti, ataipasua kuni. Mashua! Hata Nuhu hakuwa na landilodi.

Wa pili ni Murunga, msimamizi wa bwawa, mtu wa kuvaa kofia mpaka ndani ya nyumba. Amesema hataki injini ya petroli kwa maji yake, itamwaga mafuta. Maji yenyewe yana gugu maji, viatu na mbwa waliokufa, lakini mafuta, la! Nikamwuliza, "Sasa nitumie nini?" Akaniambia, "Mzee, tumia akili." Nimeitumia, na akili imesema: Shiundu.

Wekulo muuza vyuma amenipatia stata ya lori. Niliigusisha kwa betri ikaruka mezani kama beberu. Si hiyo ndiyo mota? Niambie betri ya kuilisha, na uandike kwa Kiswahili cha mtu aliyeishia darasa la tatu, si kile chako cha kanisani.

Mimi,
Opondo

*

Kawangware
9 Mei 1998

Kwa mheshimiwa mkwe, Mzee Opondo.

Bwana asifiwe. Barua yako nimeisoma peke yangu, kwa sababu ya yale ya kuku. Mke wangu akiyaona atakuja huko mwenyewe.

Mkwe, stata ya lori, hapana. Kazi ya stata ni kuamsha injini. Inafanya kazi sekunde tano, halafu inapumzika mpaka dereva aizime gari na kuiwasha tena. Katika hizo sekunde tano inakunywa betri kama mtu aliyetoka jela. Ukiilazimisha izunguke dakika tano mfululizo, waya za ndani zitaungua na utanusa moshi. Usinikasirikie. Hiyo ni shaba, haijui kuheshimu wazee. Hata mota ya waipa, ile ya kupangusa kioo cha gari, usijaribu, itakoroga maji tu na mashua itabaki pale pale.

Timothy atakuletea kwa mkokoteni mota ya foklifti, ile gari ndogo ya kuinua mizigo kwa godauni. Ni ya volti ishirini na nne. Haina haraka, lakini inasukuma kutwa nzima bila kulalamika. Itafutie propela pana. Betri ni mbili za lori, kwa sababu sahani zake ni nene kuliko za gari dogo. Unaziunganisha chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Zikae chini, katikati ya mashua, zisikae nyuma, usije ukaenda na pua juu. Waya tumia ile nene ya kuchomelea vyuma. Na zikibaki nusu, rudi nyumbani. Betri inayomalizwa kabisa kila siku haikai kuwa betri, inakuwa jiwe lenye masikio mawili.

Mota hiyo nimeihifadhi miaka mitatu nikitaka kufungua posho mill ya kusaga unga. Chukua. Wewe ndiye baba ya Filister.

Wako katika Kristo,
J. Shiundu

*

Kambi Muru
24 Mei 1998

Ora Shiundu,

Mota imefika. Timothy ametoa jasho mpaka nikamwonea huruma, jambo ambalo si zuri mtu kumfanyia mume wa binti yake. Nilimwuliza, "Baba yako alikutuma mota ama ng'ombe?" Akacheka tu. Wewe umemlea vizuri sana huyu, hata kutukana hajui.

Niliiunganisha tuone. Ikazunguka kama bibi mzee anakoroga uji wa mgonjwa. Shiundu, mimi nimezaliwa kando ya ziwa. Mashua inataka kukata maji, watu waseme "ehe!" Huyu Murunga tukimpeleka na mwendo wa uji atalala, na mtu akilala ataandikaje kibali?

Lakini usiwe na wasiwasi, mota yako nimeiweka mahali pazuri.

Kitu kimoja tu. Betri mbili hazitanitosha. Nitumie sita. Usiniulize kwa nini sita. Mimi sikuulizi kwa nini unavaa tai dukani na mikono imejaa asidi.

Murunga atakuja kupanda ajionee Jumamosi tarehe kumi na tatu Juni, saa nne asubuhi. Mashua ikivuka na kurudi, ananiandikia kibali. Isipovuka, narudi nayo kwa Kitheka na shoka lake. Miezi saba ya mikono yangu, mkwe. Mbao nimezipiga randa mimi, na huu mgongo unajua kila msumari.

Opondo

*

Kawangware
6 Juni 1998

Mheshimiwa mkwe,

Sita? Nimepiga hesabu mara tatu, mara ya pili nikiwa nimevua miwani, labda ndiyo iliyonidanganya. Ile mota na betri mbili inavuka bwawa lako na kurudi karibu mara kumi. Betri sita ni uzito wa wanaume watatu walioshiba. Unataka kuzipeleka wapi, Kisumu?

Lakini mkwe haambiwi hapana. Timothy ataleta sita Ijumaa, zote zimejaa chaji.

Sasa hili nisome polepole: ZIRUDI JUMAMOSI HIYO HIYO KABLA YA SAA SITA MCHANA. Timothy atakuwa anangoja na mkokoteni kando ya maji. Nawe usiniulize kwa nini.

J. Shiundu

*

Kambi Muru
14 Juni 1998

Shiundu,

Leo sikuiti ora. Ora hamtazami ora wake akiwa bila suruali.

Ngoja nikueleze upande wangu, maana jana ulikuwa umenipa mgongo. Murunga alichelewa. Saa nne hatukumwona. Saa sita hatukumwona. Timothy wako ananiambia, "Baba, betri," namwambia, "Kijana, ngoja," mara kumi hivi. Saa nane na nusu ndiyo kofia inatokea, na mtu chini yake. Tukaingia. Shiundu, nakuapia, tuliondoka kama swara! Kina mama wakapiga vigelegele. Murunga akashika kofia kwa mikono miwili. Dakika nne za raha, ambazo hata shoka la Kitheka haliwezi kunipokonya.

Halafu mota ikatoa moshi. Gugu maji nalo likajifunga kwa propela kama shuka. Tukasimama katikati. Murunga hajui kuogelea, ananifokea, "Mzee, fanya kitu!" Nifanye nini? Suruali ilikuwa ile moja ya Jumapili. Nikaivua, nikaikunja vizuri, nikampa ashike, nikashuka majini. Maji yakanifika kiunoni. Nasukuma, huku shati linaelea juu kama mwavuli. Mtu mzima anasukuma mashua yake mwenyewe, kosa liko wapi?

Ndipo natazama upande wa Kibera nione ufuko uko mbali kiasi gani, na naona nani? Wewe! Miaka miwili umezuiwa na mvua, na siku unakuja, unakuja mbio, na umati nyuma! Usiseme hukuona. Uliona, ndiyo maana uligeuka haraka ukakodolea zile ghorofa za Nyayo Highrise kama mtu anayetaka kununua nyumba pale. Na ukiwa umegeuka bado unapaza sauti, "Ile ya kifuniko cha kijani ni ya Wayua! Ile iliyofungwa kamba ni ya Nalianya!" Huyo Wayua hakungoja. Aliingia majini na gambuti zake za mpira, akanipita, akasema mbele ya Kibera nzima, "Mzee, funika mambo yako. Mimi nimefuata betri."

Betri yake? Kwani ulinipa betri za watu?

Kwetu mkwe akimwona mkwe vile, aliyetazama ndiye anatoa mbuzi. Namngoja huyo mbuzi, na asiwe mkonde.

Murunga amesema mashua itoke kwa maji yake kufikia Jumatano. Ikitoka itaenda wapi? Kitheka amepita leo asubuhi akanisalimia vizuri mno. Mtu akikusalimia hivyo ujue tayari amenoa. Na hii yote ni kwa sababu ya mota yako.

Opondo

*

Kawangware
14 Juni 1998

Mzee Opondo,

Sikungoja barua yako, kwa sababu leo nimeshindwa kusali. Nimepiga magoti mara mbili, na mara zote mbili nimeona shati linaelea.

Zile betri, mbili ni zangu. Nne ni za wateja, watu wanaoniletea nizichaji wapate kuwasha televisheni zao. Ndiyo, nilikosa. Ungeniomba mbili, zangu zingetosha. Uliomba sita, na mimi nikaona aibu kumwambia baba ya Filister kwamba sina sita. Nikafikiri, saa nne mpaka saa sita, nani atajua?

Mzee, jana saa tisa na nusu Nigeria walikuwa wanacheza na Uhispania. Kombe la Dunia! Wayua ana kibanda cha video, na kufikia saa nane alikuwa ameshajaza watu thelathini kwenye mabenchi. Alikuja kuchukua betri, nami nikamwambia bado inakunywa chaji. Akasema, "Nionyeshe inavyokunywa." Ningemwonyesha nini? Wale thelathini wakasimama mlangoni kwangu. Mke wangu akajifungia chumbani na Biblia. Nigeria wamefunga mabao matatu, wameshinda, na wateja wangu wameyasikia mabao yakishangiliwa kwa jirani! Miaka kumi na moja nimeitwa mwaminifu hapa Kawangware. Leo nikipita kanisani mtu ananiuliza, "Fundi, betri yangu iko hapa ama iko baharini?"

Zimerudi zikiwa zimekufa kabisa, na moja ina chura.

Kuhusu mbuzi, kwetu anayevua ndiye anayetoa. Aliyetazama alikuwa anatafuta mali ya watu.

Na sasa swali. Mota niliyokupa haitoi moshi kwa dakika nne. Haitoi moshi kwa mwaka mzima. Tena haiendi kama swara. Moshi niliounusa jana, nikiwa nimegeukia Nyayo Highrise, naujua tangu ujana wangu. Niambie kwamba haikuwa stata.

J. Shiundu

*

Kawangware
15 Juni 1998

Kwa Baba, na kwa Baba Timothy.

Barua hii nimeiandika mara mbili, kila mtu apate yake, msije mkasema mwenzangu ameambiwa mengi. Mtanisamehe, lakini nimechoka kuwa posta. Na jana nilipowaletea zile mbili nilizisoma njiani. Ndiyo, nimezisoma.

Baba, jana nimefagia kwako. Mota ya Baba Timothy iko chini ya kitanda, ndani ya gunia. "Mahali pazuri"! Ulifunga stata ya Wekulo baada ya kuambiwa wazi kwamba itaungua, halafu unaandika ati ni mota yake iliyoharibu. Mtu wa miaka sitini na saba! Betri sita zilikuwa za kulisha hiyo stata, si ndiyo?

Na wewe Baba Timothy, nakuheshimu, sijawahi kukujibu hata siku moja, lakini leo wacha nijibu. Betri za wateja? Za Wayua? Mimi ndiye nauza sukuma wiki kando ya kibanda chake. Leo ameniita "mke wa nahodha" kutoka asubuhi mpaka jioni, na watu wake wanacheka. Kusema "Opondo, sina sita" kungekuuma wapi?

Mmoja hawezi kusikia hapana, mwingine hawezi kuisema. Sasa mashua ni ya kupasuliwa, na wale mama bado wanazunguka bwawa.

Nimeongea na Murunga. Amesema Jumatano saa nne ni mara ya mwisho, na mzee asivue kitu. Kesho mchana mtakutana hapo majini. Baba, ubebe mota na spana. Baba Timothy, ubebe betri mbili zako mwenyewe, na waya. Mkiona aibu kutazamana, mmoja atazame Kibera na mwingine Lang'ata, kazi itafanyika. Timothy atakuwa katikati akipitisha spana.

Mbuzi tutaongea baadaye. Kwanza mashua.

Filister

*

Kambi Muru
18 Juni 1998

Kwa Bwana Mkubwa Kapteni Shiundu, mwenye mashua, Kawangware.

Nimeamka na hasira mpya kabisa. Ile ya Jumapili imekuwa kama salamu.

Sikatai, Jumanne ulifanya kazi. Kuunganisha waya kwa nyuma, bila kugeuka, na vidole vyako vile vya asidi, hilo nimewaambia watu. Uliposema, "Mzee, kaza ya kushoto," na mimi nikakaza ya kulia kwa kuwa ulikuwa unatazama huko na mimi huku, tulikosana kidogo, lakini kwa heshima. Tena wazo lako la kuzungushia propela wavu wa waya ili gugu lisishike, hilo lilitoka kichwani mwangu. Wewe ulitangulia tu kulisema.

Na jana tulivuka. Tukarudi. Tukavuka tena kwa sababu Murunga hakuamini. Mwendo wa uji, lakini tukafika. Mimi ndiye nilishika usukani! Wewe ulikaa mbele na tai, umegeukia Lang'ata, kama picha ya mfalme kwa sarafu. Tunashuka, Murunga anatoa kitabu cha kibali, ananyoosha kalamu, mimi nasogea nitaje jina, na yule mtu ananipita! "Bwana, jina lako nani?" Anakuuliza wewe! Na wewe unajibu! Herufi kwa herufi!

Nilimwambia, "Mashua ni yangu." Akaniambia, "Mzee, serikali haiwezi kuandika kibali kwa mtu ambaye mimi mwenyewe nimeshika suruali yake."

Miezi saba ya randa, Shiundu! Kila ubao nimeupinda mimi kwa maji moto na mawe. Wewe kitu chako ni chuma kimoja kizito na masanduku mawili ya asidi. Na karatasi inasema mwenye chombo ni J. Shiundu, na chini yake, "mfanyakazi: mzee mmoja." Mzee mmoja! Jina hata sina!

Kitheka amekuja na shoka jana jioni. Nilimwonyesha kibali. Alikisoma chote, akaniuliza, "Kwani Shiundu ndiye amekuandika kazi?" Afadhali angepasua.

Nenda kwa Murunga urekebishe. Wewe huwezi kumwambia mkwe hapana.

Opondo, mzee mmoja

*

Kawangware
20 Juni 1998

Mheshimiwa mkwe,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya tatu kwa sauti, mke wangu akiwa amekaa. Amecheka mpaka akaomba maji.

Kwa Murunga nilienda jana. Anasema kibali ni cha mwaka mmoja na kitabu chake hakina kifutio. Basi nimetafakari, nimeomba, na nimejifunza neno ambalo Filister alisema siliwezi. Mkwe, hapana.

Na kwa kuwa mwenye chombo ni mimi, nakuagiza haya. Ile stata irudi kwa Wekulo, na usiigusishe kwa betri tena hata kuonyesha watoto. Watu ni wanane, hata kama wa tisa ni mwembamba. Mita ya chaji nimekuwekea kando ya usukani. Mshale ukifika kwenye alama nyekundu unarudi ufukoni, hata ukiwa unashindana na mtu. Najua utashindana na mtu. Kila Jumatano na Jumamosi Timothy atabadilisha betri. Zote ni zangu, nimeziandika jina kwa rangi nyeupe.

Wayua nimemchajia bure wiki mbili na bado ananiita Kapteni.

Kuhusu mbuzi, hapana. Naona neno hili lina utamu wake.

J. Shiundu, mwenye chombo

*

Kambi Muru
28 Juni 1998

Shiundu,

Stata imerudi kwa Wekulo. Nimeagizwa, nimefanya. Siku saba sasa nafanya kazi kwa mkwe wangu, na sijui kama kuna mtu wa Mbita amewahi kufanyiwa jambo kama hili akiwa bado hai.

Kina mama wanavuka. Asubuhi wanapanga foleni na mabeseni kabla jua halijakaa sawa. Kuna mmoja anaitwa Rosebella, magoti yake ni mabovu, alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya ule mzunguko. Amerudi kazini. Sikwambii hili ili ufurahi. Nakwambia kwa sababu aliuliza mwenye mashua ni nani, na ilibidi nimsomee kile kibali.

Nimeshindana na mtu mara moja tu. Alikuwa anatembea ukingoni. Alinishinda.

Lakini nina lalamiko kubwa, na hili ulirekebishe wewe kama fundi. Hii mota yako haina sauti. Hainong'oni hata. Injini ya petroli ingenisitiri, stata ingenisitiri, lakini na hii nikianza kukutukana tukiwa katikati ya maji, kila abiria anasikia neno kwa neno. Naanzia Krismasi ya kwanza, naingia kwa betri za watu, nafika kwa kalamu ya Murunga. Jana tuligusa ng'ambo nikiwa bado nimefika kwa Wayua na gambuti zake. Nikafunga kamba, nikasema, "Haya mama, tumefika, shukeni."

Hakuna aliyeshuka mpaka nilipomaliza.

Opondo